Oili Uani kwa Baba

Kijana aliyetoka Kerugoya kuja kununua gari la marehemu mume wangu alilala chali chini yake kabla hata hajaonja chai, na hapo nikajua kwamba Baba angempenda. Gari lenyewe halijatembea miaka mingi. Limekaa bandani nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na watoto wangu waliponishauri niliuze baada ya kumzika Kariuki sikubishana nao. Kijana akachokora huko uvunguni, mimi nikiona viatu vyake tu, kisha akaita, "Shosho, huku kwa hii paipu kuna kitu imeingizwa. Ni kama gunzi. Niitoe?" Nilikuwa nimeshika birika. Nikaiweka chini, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikacheka mpaka akatoka uvunguni kuangalia kama bibi wa watu amepatwa na jambo. Nilimwambia alitoe kama anataka, lakini asilitupe, maana gunzi hilo lina maneno yake. Maneno yenyewe ni ya mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ambao nusura nikose mume kwa sababu ya oili.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi mjini Nyeri, nimepanga chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la fundi cherehani. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, jiko la makaa, na dirisha moja lililokataa kufunguka wakati wa joto na likakataa kufungika wakati wa baridi, na Nyeri, kama unavyojua, baridi yake haina adabu. Kariuki alikuwa afisa mdogo wa kilimo, mrefu, mpole, mtu wa kujibu "tutaona" hata ukimuuliza kama amekula. Gari alilipata kwa mzungu mmoja wa Timau aliyekuwa akiacha shamba lake la ngano na kurudi kwao. Lilikuwa la Kiingereza, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na hata siku ya kwanza alipolileta kwangu halikuwa changa. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni kwake, akalizunguka lote, akaligonga ubavuni kama anayechagua malenge, kisha akaniambia, kwa sauti ambayo Kariuki asingekosa kuisikia, kwamba mwanamume mwenyewe ni mwembamba kidogo lakini gari lina nyama. Mimi nilishaamua kabla ya gari. Kilichobaki ni Baba.

Sasa Baba. Boma letu lilikuwa Mukurweini, chini kabisa ya mteremko, kahawa upande huu, migomba upande ule, na katikati ua ambao Mama aliufagia kila asubuhi mpaka ukabaki na mistari ya ufagio kama daftari jipya. Kuku mwenyewe alipita pale kwa hofu. Baba hakuvumilia kitu kinachovuja. Paa likitoa tone moja alikuwa juu yake kabla ya la pili. Kila chupa nyumbani kwetu, ya mafuta ya taa, ya asali, ya mafuta ya kondoo, ya dawa ya kikohozi, ilizibwa kwa gunzi la mahindi alilolichonga mwenyewe kwa kisu chake kidogo na kulizungushia utepe wa kitambaa cha kaki ili likaze. Kaki ilitoka kwenye suruali yake fupi ya zamani ya kazi, ambayo Mama aliichukia, na Baba aliikata utepe mmoja mmoja miaka nenda miaka rudi kana kwamba suruali haina mwisho. Na kitu kingine kuhusu Baba ni Kiswahili chake. Sisi nyumbani tulizungumza Kikuyu, lakini Baba alikuwa na Kiswahili alichokiokota kwenye mashamba ya wazungu, na alikitumia kwa karani wa kodi, mnunuzi wa kahawa na polisi. Ukisikia Baba anakusemesha Kiswahili na wewe ni Mkikuyu mwenzake, ujue bado uko nje ya lango hata kama umeketi kwenye kiti chake.

Kariuki alikuja mara ya kwanza kujitambulisha, pamoja na mjomba wake Gathogo, ambaye ndiye angesema kwa niaba yake, maana kwetu kijana haendi kujisemea mwenyewe. Mjomba Gathogo alikuwa mzungumzaji. Alianza na mwanakondoo aliyeonekana akiingia boma letu, akampitisha mtoni, akampandisha mlimani, na mimi niliye mwanakondoo nikakaa jikoni na moshi nikimenya nduma na kutega sikio kwenye ubao wa ukuta. Mwanakondoo akiwa bado mlimani nikamsikia Baba akiomba radhi, ati anaenda kuangalia ng'ombe. Alikaa huko muda. Aliporudi alipitia jikoni, anafuta vidole kwa jani la mgomba, uso umetulia vizuri, uso wa mtu aliyetenda wema. Sikumuuliza kitu. Ng'ombe ana mambo mengi ya kuchafua vidole.

Wageni walipoondoka kulikuwa na alama ndogo nyeusi pale gari lilipokuwa, upana wa kiganja. Mama aliifagia ikaenea, akaichimba kwa jembe, akasema gari ni mnyama kama wanyama wengine. Lakini ziara ya pili, wewe, acha tu. Tulikula, tukanywa, mjomba akahutubia, na tulipotoka nje tulikuta dimbwi. Oili ilikuwa imetoka chini ya gari, ikafuata mistari ya ufagio wa Mama mmoja baada ya mwingine, na katikati ya dimbwi yule kuku mweupe wa Mama, aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya Krismasi, alikuwa akijigaragaza akidhani ni mavumbi. Aliinuka mweusi tii, akajikung'uta, akamnyunyizia mjomba Gathogo kwenye koti lake la Jumapili. Baba aliwatazama wote, kuku, mjomba na gari, kisha akamgeukia Kariuki na kumwambia kwa Kiswahili chake cha mashambani, pole pole, kila mtu akisikia: "Kijana, mimi iko na msichana moja. Siku hii gari yako itakaa hapa kutoka chai mpaka chakula, na chini ibaki vile mama ya huyu alifagia, siku hiyo tutaongea. Kabla ya hiyo, usilete hata mbuzi."

Ungefikiri ni mzaha. Baadaye, nikiosha vyombo, niliwasikia yeye na Mama upande wa pili wa ubao. Mama alisema kijana ana heshima na ana kazi, na oili ni oili tu. Baba alijibu kwamba mtu asiyeweza kuziba gari lake hataweza kuziba paa, na mvua ya huku inajulikana. Halafu akaongeza kitu ambacho sikukielewa, kwamba mtu akisaidiwa na bado akashindwa, huyo hasaidiki tena. Nilisimama pale na sahani mkononi nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimpenda yule mwanamume. Nilikuwa nimempenda tangu siku aliponiuliza njia ya kwenda posta wakati amesimama mbele ya posta. Na sasa maisha yangu yote yalikuwa yametundikwa chini ya gari kuukuu la mzungu wa Timau, yanadondoka.

Basi mwaka ukaenda hivyo. Watu wengine huchumbiwa kwa barua na leso, mimi nilichumbiwa kwa matambara. Kila Jumamosi Kariuki aliliegesha gari nje ya chumba changu, akatandaza gunia, akaingia chini, nami nikampitishia spana na chai. Fundi mmoja aliyekuwa na karakana nyuma ya soko alisema ni sampu, ile karai ya chini inayoshika oili, na akabadilisha gasketi yake, ule utando wa kuziba maungio. Likakaa kavu siku chache, Kariuki akaanza kutembea kama chifu, kisha likavujia juu, kwenye kifuniko cha valvu. Akabadilisha hiyo. Likavujia nyuma. Fundi akasema kwa hivyo sasa ni sili ya nyuma, akaishusha injini yote, akairudisha, na oili ikatokea mbele. Kila mtu mjini alikuwa na maoni. Mjomba Gathogo alishauri oili nzito zaidi. Mama mwenye nyumba alishauri gari lingine. Mwenzangu mmoja shuleni aliomba tuliweke kwenye maombi ya Jumatano, na yakaombwa kwa bidii, na Alhamisi likavuja kama kawaida. Jambo la kunitia wazimu ni kwamba Kariuki hakukasirika hata siku moja. Alitoka chini ya gari, uso mweusi, meno meupe, akasema, "Tutaona." Mimi ndiye niliyelipiga gari teke, na kidole changu kikubwa cha mguu kinanikumbusha mpaka leo kukiwa na mvua.

Mvua za vuli zilipokaribia, habari zikanifikia kutoka Mukurweini kwamba ukoo mmoja wa ng'ambo ya mto umemtembelea Baba mara mbili, na kwamba kijana wao hana gari kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kuu. Mama ndiye aliyeniletea habari hizo, siku ya soko, akinywa chai kitandani kwangu kwa kuwa kiti kilikuwa kimebeba vipuri. Alisema Baba bado hajawajibu, lakini anasikiliza, na Baba akianza kusikiliza hayuko mbali na kukubali. Alipoondoka nilimtazama Kariuki aliyekuwa amelala kwenye gunia lake, nikamwambia kwamba "tutaona" yake imekwisha muda, sasa tuone.

Ndipo akaomba poda. Mtu fulani kazini alikuwa amemwambia kwamba dawa ya kuvuja kusikojulikana ni kuosha injini yote kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, kuikausha, kisha kuinyunyizia kitu cheupe na kuendesha kidogo. Oili itachora njia yake yenyewe kwenye weupe, na wewe unafuata tu mpaka inakoanzia. Tungetumia unga, lakini unga wangu ulikuwa umebaki wa uji wa asubuhi tu. Poda ilikuwepo. Ilikuwa poda ya manukato, mkebe mmoja wenye picha ya mawaridi, niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya arusi na sijaifungua. Niliifungua. Kariuki aliimimina yote kwenye injini, upepo wa Nyeri ukaja kuchukua fungu lake, na alipoliondoa gari kupanda kilima cha njia ya Othaya alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kola, na barabara nzima ikanukia bibi arusi. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akatikisa kichwa. Aliniuliza kama huko kwao mwanamume ndiye anayepakwa.

Aliporudi tukafungua boneti, vichwa vyetu vinagusana. Tulitarajia mstari mmoja mweusi. Tulikuta mistari kila mahali, juu, chini, mbele, ubavuni, kwenye kila gasketi mpya aliyoinunua mwaka mzima. Gari lilikuwa linatoka jasho mwili mzima. Kariuki alikaa chini kwenye gunia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema tutaona. Nikaingia ndani, nisione anavyohangaika, nikakuta githeri yangu, mahindi na maharagwe, nayo inafanya fujo. Nilikuwa nimeifunika sufuria kifuniko na jiwe juu ili iive upesi, na sasa povu lilikuwa likichomoza pande zote chini ya kifuniko, linateremka mpaka kwenye makaa. Hakukuwa na tundu lolote kwenye ile sufuria. Nililiondoa jiwe, kifuniko kikainuka, mvuke ukatoka, povu likatulia. Nilisimama pale na jiwe la moto ndani ya tambara. Kisha nikatoka nje nikamuuliza, "Kariuki, hii gari inapumulia wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Akaingia chini bila gunia. Kulikuwa na bomba pembeni mwa injini, limeelekea chini, ambalo yeye na yule fundi walikuwa wameliona mara nyingi na kulipita, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa umefungwa na umepakwa matope na oili mpaka ukafanana na chuma. Walidhani Waingereza wenyewe walitaka liwe hivyo. Sasa alilikwangua kwa kisu, kisha akaomba waya. Alipotoka alikuwa ameshika gunzi la mahindi, jeusi, limechongwa vizuri, limekaza. Alisema lazima ni yule mzungu wa Timau. Nilichukua lile gunzi, nikalifuta kwa pindo la sketi yangu, na chini ya uchafu wote ule nikauona utepe wa kaki.

"Si mzungu," nikamwambia. "Hiyo ni suruali ya Baba."

Tulicheka kwanza, nisidanganye. Tulicheka mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine yake. Kisha tukaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine, tulipoelewa mahali tulipofika. Kumbe siku ile ya mwanakondoo, Baba alipoenda kwa ng'ombe, aliinama akaona bomba linadondosha vitone viwili vitatu vya oili, kitu ambacho magari yote ya aina ile yalifanya, na kwa wema wake akaliziba kama chupa ya mafuta ya taa, asiseme neno ili asiwaaibishe wageni. Injini ikakosa pa kupumulia, ikaisukuma oili itoke popote palipolegea. Na Baba akakaa mwaka mzima akimhesabu Kariuki kuwa mjinga, ambaye hata akizibiwa bado anavuja. Tungemwambia nini? Kumwambia baba mkwe mtarajiwa, mbele ya mjomba Gathogo mwenye mdomo ule, kwamba yeye ndiye aliyeharibu ua wa mkewe mwenyewe? Asingetusamehe, na ukoo wa ng'ambo ya mto ungepata jibu jioni hiyohiyo. Kuliondoa gunzi na kunyamaza nako hakukufaa, maana Baba ni mtu wa kukagua. Angeinama, aone gunzi lake halipo, ajue kwamba tunajua. Nilimwambia Kariuki kwamba tumekwisha. Yeye alikuwa akiligeuzageuza lile gunzi kwenye vidole. Akaniuliza kama makaa bado yana moto.

Alichukua spoki ya baiskeli, akaipasha jikoni kwangu mpaka ikawa nyekundu, akalitoboa gunzi katikati, kutoka kichwa hadi mkia, pole pole, ulimi nje. Chumba kilijaa harufu ya mahindi ya kuchoma na oili. Kisha akalirudisha mahali pake, na utepe wake wa kaki, kama Baba alivyoliacha, ila sasa gari liliweza kupumua. Oili ikaacha kutoka. Vilibaki vile vitone viwili vitatu vya asili, lakini hivyo alikuwa na akili navyo. Siku ya safari ya mwisho aliliegesha gari juu kabisa ya mteremko wetu, akalizima, akalisubiri lidondoshe kila lililokuwa nalo huko barabarani, mjomba Gathogo akilalamika kuhusu jua. Kisha akaliachia likateremka lenyewe bila injini, kimya, mpaka katikati ya ua wa Mama. Mama aliruka. Alidhani ni mzoga unaoteremka.

Kutoka chai mpaka chakula sikuketi. Nilipakua njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, nikiangalia ua, nikabeba maji nikiangalia ua. Yule kuku alipita chini ya gari, akatoka mweupe, maana alikuwa amekwisha kuota manyoya mapya. Mjomba Gathogo akiwa ndiyo kwanza anamvusha mwanakondoo mto, Baba aliinuka katikati ya sentensi, akatoka nje, na sisi wote tukamfuata. Akapiga magoti kwenye mistari ya ufagio. Akapapasa ardhi kwa kiganja. Kisha akaingiza mkono chini ya gari, mpaka begani, na akakaa hivyo, shavu lake limeegemea mlango, macho yametazama migomba. Alikaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mwaka wenyewe. Nilimtazama Kariuki. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Baba akautoa mkono, akaomba kwa ishara apewe jani la mgomba, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Mimi iliwaambia," akasema kwa Kiswahili, akimwangalia mjomba. "Kitu ikizibwa vizuri haivuji." Kisha akamgeukia Kariuki, na Kiswahili kikaisha hapo. Akamwambia kwa Kikuyu, "Muthoni wakwa, ingia ndani, chai inapoa." Muthoni wakwa ni kusema mkwe wangu. Nilikaa chini palepale uani na sufuria ya njahi mapajani.

Tangu siku hiyo Baba alitembea Mukurweini yote akisimulia jinsi alivyolitengeneza gari lililowashinda mafundi wa Nyeri. Alisimulia kanisani, kwenye kiwanda cha kahawa, kwenye ubatizo wa watoto wetu. Kila mara alimwita Kariuki awe shahidi, na kila mara Kariuki akasema, "Ni kweli, Baba, ni wewe," bila hata kope kucheza, nami nikatazama pembeni nisije nikapasuka. Miaka mingi baadaye Baba alipougua ule ugonjwa wa mwisho nilikwenda kumtunza. Asubuhi moja nilikuwa nikimlisha uji, tukiwa wawili tu, akaniuliza ghafla, "Lile tundu alilitoboa na nini?" Kijiko kilinishinda, uji ukamwagika kwenye blanketi. Nikasema, spoki. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama fundi anayesikia kifaa kilichofaa. Akaniambia kidole chake kidogo kililigusa lile tundu siku ileile, na kwamba alibaki na mkono chini ya gari muda wote ule kwa sababu alikuwa anahesabu jinsi mambo yalivyokwenda, na haya ilikuwa inampanda.

"Angeling'oa anionyeshe mbele ya watu, angekuwa na haki," akasema. "Yeye alilitoboa akanirudishia. Nikasema huyu ndiye. Lakini usimwambie kwamba nilijua. Mwache na uzuri wake."

Sikumwambia. Kariuki alizeeka akimlinda Baba, akishusha sauti kila tulipotaja gunzi, hata Baba alipokwisha kuzikwa zamani. Mwaka huu nimemzika na yeye, na wanaume wangu wawili sasa wamelala kila mmoja akidhani amemsitiri mwenzake. Nawakosa mpaka kifua kinauma. Kijana wa Kerugoya alikuwa bado amesimama mbele yangu, gunzi kwenye kiganja, jeusi na gumu kama pembe, anauliza atupe au vipi. Nilimwambia alirudishe alipolitoa, lakini kwanza aangalie kama tundu liko wazi. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango wa banda, akafumba jicho moja.

"Iko wazi, Shosho," akasema. "Naona mpaka huko nje."

Nikainuka kwenye ndoo, nikachukua birika, na nikamwambia kwa Kikuyu aingie ndani, chai inapoa.